Shangazi, nilirudishiwa kodi Ulaya kisha kadi yangu ikakatwa: nimeibiwa?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa na uchungu ulionikaa kifuani wiki nzima. Naomba unisaidie kuelewa.

Mwezi uliopita nilikuwa Paris siku tisa kwa mkutano wa kikazi. Siku ya tatu niliingia duka moja nikamnunulia mama koti la sufu la euro 390, na mwenyewe nikachukua viatu vya ngozi vya euro 210. Jumla euro 600. Muuzaji, binti mpole sana, akaniomba pasipoti, akaniambia kwamba kwa kuwa siishi Ulaya naweza kurudishiwa kodi. Akanichapia fomu ndefu yenye mistari myeusi ya msimbo, akanielekeza kaunta iliyoko mjini ambako ningelipwa siku ileile.

Nikaenda. Pale kaunta waliomba kadi yangu ya benki, wakasema ni ya dhamana. Nikatia sahihi mahali pawili, nikahesabiwa euro 66 taslimu. Fomu wakaniwekea kwenye bahasha wakanirudishia, wakaniambia nisisahau kupita forodha uwanja wa ndege. Shangazi, sikulitilia maanani neno lile. Hela nilikuwa nayo mkononi, nikajua mambo yamekwisha.

Siku ya kuondoka nilifika uwanjani nimechelewa kidogo, nikakabidhi sanduku moja kwa moja hadi nyumbani, nikapanda. Ndege yangu ilikuwa ya kuunganisha katika nchi nyingine, bado ndani ya Ulaya. Huko nilikuwa na saa tatu za kusubiri, na hapo ndipo nilipoifungua bahasha na kuisoma kwa mara ya kwanza. Nikakimbilia dirisha la forodha. Afisa akaisoma fomu taratibu, akaniuliza, "Koti liko wapi?" Nikamwambia liko kwenye sanduku, na sanduku limeshapita. Akauliza viatu. Nikainua mguu nikamwonyesha, nilikuwa nimevivaa. Akatikisa kichwa, akanirudishia karatasi bila mhuri.

Wiki iliyopita nikapata ujumbe wa benki: kadi imekatwa euro 72. Walinipa 66, wamechukua 72! Mume wangu ananishauri niende benki niseme kadi imetumika bila idhini yangu. Dada yangu anasema niandike barua Ufaransa, huenda wakanihurumia. Je, nimeibiwa? Kuna njia ya kuipata hela hiyo?

Tena, baada ya miezi michache nakwenda Italia, halafu London siku nne, ndipo nirudi nyumbani. Sitaki yanikute tena. Na shemeji yangu anayekwenda Marekani anauliza kama huko nako wanarudisha.

Mwanao, Msafiri Mwenye Uchungu


Marahaba mwanangu,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, na lililonigusa zaidi ni pale ulipoinua mguu kumwonyesha afisa kiatu. Hukuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini sitakuficha: hukuibiwa. Ulikopeshwa, ukashindwa kutimiza sharti la mkopo, wakauchukua. Kosa ni kwamba hakuna aliyekaa nawe akakueleza hivyo kwa lugha ya kueleweka, na hilo linaniudhi, maana barua za namna hii nazipata nyingi.

Tuanze na kodi yenyewe. Ufaransa inatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 kwa bidhaa nyingi, na kodi hiyo imeshatiwa ndani ya bei unayoiona dukani. Katika euro 600 ulizolipa, mali ilikuwa ya euro 500 na kodi euro 100. Ndiyo maana mtu akikwambia utarudishiwa asilimia 20 ya ulicholipa, hesabu yake si sahihi. Kodi ni sehemu moja kati ya sita ya bei yote, yaani kama asilimia 16.7. Na hata hiyo haikufikii nzima. Maduka mengi huipitisha kazi hii kwa kampuni za kurejesha kodi, nazo hukata ada yao, kwa hiyo msafiri Ufaransa hubaki na takriban asilimia 12 ya bei. Kwako wewe ndiyo hizo euro 72. Ukitaka taslimu, inakatwa ada nyingine juu ya hiyo, ndipo ukapata 66. Nadhani sasa unaona zile sita zilikopotelea: ulilipia huduma ya kupewa noti mkononi, na ada ya namna hiyo hairudi hata mkopo ukivunjika.

Sasa shika jambo hili, maana mengine yote yanatoka humo. Watu wengi hudhani kodi inarudishwa kwa ajili ya pasipoti ya kigeni. Pasipoti inakupa ruhusa ya kuomba tu. Kodi ile ni ya bidhaa zitakazotumika ndani ya Umoja wa Ulaya, basi bidhaa ikitoka nje ya Umoja, sababu ya kuitoza inaondoka nayo. Nani athibitishe kwamba imetoka? Forodha, na si mwingine. Mhuri wa forodha, uwe wa wino au wa kompyuta, ndio ushahidi wenyewe. Kabla ya mhuri hakuna kodi iliyorudishwa, hata kama una noti mfukoni.

Kwa hiyo ile kaunta ya mjini ilikutangulizia hela zake yenyewe, ikashika kadi yako rehani, ikakupa siku kadhaa za kuhakikisha fomu imethibitishwa. Siku zikapita, mhuri haukuonekana, wakaikata kadi. Zile sahihi mbili ulizotia, moja ilikuwa ya kukubali hilo.

Ndiyo maana nakuomba usifuate ushauri wa mumeo, ingawa najua anakutetea. Ukienda benki ukasema kadi imetumika bila idhini, benki itauliza upande wa pili, na upande wa pili utatoa karatasi yenye sahihi yako. Utabaki na deni lilelile, na juu yake maelezo ya uongo yenye jina lako kwenye faili la benki. Euro 72 hazina thamani hiyo.

Ushauri wa dada yako una kitu ndani yake, ila si huruma. Forodha ya Ufaransa inaweza kulipokea ombi la mtu aliyeondoka bila kuthibitisha fomu. Ni hiari yao kukubali, na wanachotaka kuona ni kilekile ambacho mhuri ungekionyesha: kwamba mali imetoka Ulaya na iko nje. Ushahidi wenye nguvu ni stakabadhi ya forodha ya nchi yako, kwamba ulipofika ulilitangaza koti na viatu na ukalipia ushuru. Kama ulifanya hivyo, usikawie. Ambatisha fomu halisi, risiti ya duka, nakala ya pasipoti na tiketi, na hiyo stakabadhi, utume kwa ofisi ya forodha ya uwanja ulioondokea, pale Ufaransa. Weka nakala ya kila karatasi.

Kama ulipita tu bila kutangaza chochote, sitakudanganya, nafasi ni finyu. Liko jaribio moja lililobaki: kuuliza ubalozi wa Ufaransa ulio karibu nawe kama wanaweza kuiona bidhaa na kuandika cheti kwamba iko nje ya Ulaya. Piga simu kwanza kabla ya kufunga safari, maana usije ukatumia nauli kubwa kuliko hela unayoitafuta. Na mtu yeyote asikushawishi kutengeneza stakabadhi ya forodha ya kughushi. Nalisema kwa sababu nimeshaandikiwa na watu waliouziwa wazo hilo.

Wapi hasa ulikosea? Si kule dirishani kwa yule afisa wa forodha, huko ulikuwa umeshachelewa. Ilikuwa Paris, kabla hujaliachia sanduku. Kanuni ni hii: mzigo unaopelekwa tumboni mwa ndege hadi nje ya Ulaya unathibitishwa pale unapoukabidhi, maana baada ya hapo huwezi kuuonyesha kwa mtu. Mali unayoibeba mkononi inathibitishwa kwenye uwanja wa mwisho ndani ya Umoja wa Ulaya. Wewe ulikuwa na koti tumboni mwa ndege na viatu miguuni, kwa hiyo afisa alikosa cha kugongea mhuri. Viatu vyenyewe vingekuwa na shida hata Paris, kwa sababu bidhaa hutakiwa kutoka ikiwa mpya, haijatumika. Najua kiatu kipya kinavyovuta, lakini kiache ndani ya boksi lake na lebo yake hadi upite forodha.

Ungefika mapema ungeona kazi yenyewe ni dakika mbili. Kwenye viwanja vikubwa vya Ufaransa kuna mashine za kujihudumia ziitwazo PABLO. Unachagua lugha, unaielekeza ile mistari myeusi ya fomu kwenye taa ya mashine. Ukiona rangi ya kijani, forodha imeshathibitisha kwa kompyuta, na kampuni inapata taarifa moja kwa moja. Huna haja ya kuposti kitu. Ikija nyekundu, usiondoke kwa kukata tamaa. Inamaanisha uende kwenye kaunta ya forodha iliyo karibu, na afisa anaweza kuomba kuiona mali. Kwa hiyo nenda kwenye mashine ukiwa bado na sanduku lako mkononi. Kinachochukua muda ni foleni. Ziko siku watu wanajazana pale na mifuko ya maduka, na ndege haimsubiri mtu. Jipe saa moja zaidi ya ile unayojipa siku zote.

Ukithibitishia katika nchi nyingine, si ile uliyonunua, hapo utapata mhuri wa wino, na fomu lazima uiposti kwenye bahasha uliyopewa. Ipige picha kabla ya kuitumbukiza. Bahasha zikipotea, picha yenye mhuri ndiyo itakayokutetea.

Nije kwenye safari yako ya Italia na London, maana nilipoisoma sentensi ile moyo uliniruka. Uingereza haimo tena ndani ya Umoja wa Ulaya. Ukipanda ndege kutoka Italia kwenda London, umetoka Ulaya hiyo tunayoizungumzia, na mlango wako wa mwisho ni uwanja wa Italia. Ukisema utagonga mhuri siku ya kurudi nyumbani, London, hakuna atakayekugongea. Forodha ya Uingereza haina uwezo wa kuthibitisha kodi ya Italia. Basi siku unayoondoka Italia ndiyo siku yako ya forodha, hata kama safari yako bado ina siku nne mbele. Uswisi nayo ni hivyohivyo, watu wengi wanakwama hapo kwa kuwa ramani inaionyesha katikati ya Ulaya.

London kwenyewe usihangaike kuomba fomu. Uingereza ilifuta utaratibu wa kuwarudishia wageni kodi ya bidhaa wanazobeba tangu mwanzo wa mwaka 2021. Uliobaki ni kwa duka kukutumia mali moja kwa moja nje ya nchi bila kodi, ikiwa duka lenyewe linakubali, na hapo gharama ya usafirishaji na ushuru wa kwenu mara nyingi humeza faida. Ireland ya Kaskazini ndiyo iliyobaki na utaratibu wa zamani. Kwa hiyo kama kuna kitu cha bei kubwa unachokitaka, na kipo Italia na London, kinunue Italia.

Italia kodi ya kawaida ni asilimia 22, na tangu Februari 2024 ununuzi ukizidi euro 70 katika duka moja unaweza kuomba. Zamani ilibidi ufike karibu euro 155. Ufaransa mpaka wa chini ni zaidi ya euro 100, Ujerumani zaidi ya 50, na Hispania walishauondoa kabisa mpaka huo. Lakini duka halilazimishwi kuwa kwenye utaratibu huu. Uliza kabla ya kulipa, siyo baada, na uwe na pasipoti yenyewe.

Muda nao una kikomo. Bidhaa lazima itoke kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu baada ya mwezi ulioinunua. Ukinunua tarehe 5 Aprili, una hadi 31 Julai. Hoteli, chakula cha mgahawani na tiketi za treni havimo, vilitumika hukohuko. Na fomu ni ya mtu mmoja, yule ambaye jina lake limeandikwa, tena asiyeishi ndani ya Umoja. Ndugu anayeishi huko hawezi kununua kwa jina lake ukabeba wewe ukadai. Usimpe na mwenzako fomu yako aipitishe forodha.

Hiyo dhamana ya kadi, je, uikatae kabisa? Mimi huwa nawashauri watu waikatae kama hawana haja ya haraka ya hela. Mwambie muuzaji unataka kurudishiwa kwenye kadi baada ya forodha kuthibitisha. Itachukua wiki kadhaa, lakini hutakuwa na deni linalokunyemelea, na unaepuka ada ya noti. Wakikuuliza kama ulipwe kwa euro au kwa sarafu ya nyumbani, sema euro. Kiwango cha ubadilishaji wanachokupa wao kwa kawaida kinawapendelea wao.

Kwa shemeji yako jibu ni fupi. Marekani haina kodi ya ongezeko la thamani ya taifa zima, kwa hiyo hakuna dirisha la serikali kuu uwanjani la kumrudishia. Huko kodi ya mauzo ni ya majimbo na miji, na kwa kawaida haionekani kwenye bei iliyobandikwa. Inaongezwa unapofika kwa keshia. Asishangae bidhaa ya dola 100 ikawa zaidi ya hapo. Texas upo utaratibu wa kuwarudishia wageni, na majimbo ya Oregon, Montana, New Hampshire na Delaware hayatozi kodi hiyo ya jimbo kabisa. Kama anapita mojawapo, na kuna kitu cha bei kubwa anachokitaka, akinunue huko.

Jambo la mwisho ulilonisahaulisha kidogo kwa uchungu wako: kodi ya Ulaya na ushuru wa nyumbani ni vitu viwili. Ukirudishiwa kule, bado forodha ya kwenu inaweza kudai chake ukizidisha kiwango wanachomruhusu msafiri. Angalia kiwango hicho kabla ya kwenda Italia, ukalinganishe na unachotarajia kurudishiwa. Kuna vitu ambavyo ukipiga hesabu hiyo unaviacha dukani.

Usiku huu itafute ile fomu. Usiitupe. Angalia kama ulipewa stakabadhi yoyote ulipotua, niandikie kama ipo, nikusaidie kupanga barua ya forodha. Na koti la mama mpe avae. Kwake halina masharti.

Shangazi yako